Lamu hadi Pemba: kilomita 356, siku mbili

Leo kuna hesabu kidogo, lakini msikimbie.

Ukitaka umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, unachukua latitudo na longitudo za kila kimoja, unaziingiza kwenye fomula ya haversine pamoja na nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, na jibu linatoka. Programu ya mistari kumi inatosha. Kutoka Manda, kiwanja cha Lamu, hadi kiwanja cha Pemba karibu na Chake Chake ni kama kilomita 356. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingetumia saa moja na dakika kumi hivi.

Jibu hilohilo ndilo aliloliona jirani yangu hapa Laini Saba kwenye simu yake. Yeye ni mzaliwa wa Lamu. Mjomba wake alikuwa amelazwa Pemba akisubiri upasuaji, na mama yake, aliyekuwa Lamu, alitaka kumwona kaka yake kabla hajaingia. Akaniuliza, "Mwanangu, si ni saa moja tu? Akiondoka asubuhi, adhuhuri atakuwa kashafika?"

Nikamweleza kwamba fomula inapima umbali tu, haiulizi kama kuna ndege. Tulitafuta tiketi, ya moja kwa moja hatukuipata. Njia iliyopatikana ilikuwa hii: boti kutoka mji wa Lamu hadi kisiwa cha Manda, ndege hadi Wilson (kilomita 467), gari hadi Jomo Kenyatta, ndege hadi Unguja (602), kisha Pemba (125). Angani peke yake ni kama kilomita 1,190, zaidi ya mara tatu, na kulala njiani usiku mmoja.

Kwa wenzangu wa programu: muda wa safari si swali la jiometri, ni la grafu. Viwanja ni nukta, safari zilizo kwenye ratiba ni mistari, na saa za kusubiri zina uzito wake. Algorithi aliyoichapisha Dijkstra mwaka 1959 inakupa njia fupi kuliko zote. Lakini haiwezi kuchora mstari ambao hakuna shirika linalourusha. Zamani majahazi ya Lamu yalishuka kusini na upepo wa kaskazi bila kupitia Nairobi. Siku hizi kati ya visiwa hivi kuna mpaka, na abiria wa ndege anazungushwa bara.

Bi mkubwa alilala kwa bintiye, hapa ambapo ndege za Wilson tunazisikia kila siku. Alifika Pemba kesho yake alasiri. Kaka yake alikuwa ameshapasuliwa, bado yuko kwenye usingizi wa dawa. Alikaa naye mpaka akaamka.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitengeneza ukurasa wa kuonyesha muda wa ndege, andika "kama ndege ingekuwepo" kabla ya namba. Kuna mtu anapanga kumwahi mgonjwa kwa namba hiyo.