Wakazi wa Chombo Kilicholala



Chombo kisichotumika hakibaki kitupu. Mwenyewe hukifunga kwa kufuli, akaenda zake akiamini kwamba siku atakaporudi atakikuta vilevile. Lakini kufuli si kitu kwa nyigu wala kwa ndege. Nuhu aliwaingiza wanyama katika safina kwa kuagizwa. Katika boti iliyoachwa, wanyama huingia bila kuagizwa na mtu, na anayetaka kuirudisha majini hana budi kukutana nao kwanza.

Jambo hili nililiona huko Kasenga, kwenye Mto Luapula, mahali ambapo masoko ya Lubumbashi yamepata samaki tangu zamani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeharibu barabara, na sisi makatekista watatu pamoja na vijana wanne tulitakiwa kuzifikia familia za wavuvi zilizokuwa zikingojea mafundisho ya ubatizo wa watoto wao. Mtu mmoja mwema akatuazima boti yake yenye injini ya dizeli, iliyokuwa imelala kandokando ya mto kwa miaka mitatu.

Siku ya kwanza injini iliwaka, ikanguruma dakika chache, kisha ikazima. Ikawashwa tena, ikazima tena, ingawa tangi lilikuwa na mafuta ya kutosha. Fundi, mzee mtulivu, hakuigusa injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijibomba chembamba kinachopitisha hewa ndani ya tangi, akakichokoa kwa waya, na udongo mkavu ukaanguka. Nyigu alikuwa amejenga humo. Jike la nyigu wa udongo hujenga chumba, hukijaza buibui aliowachoma wakapooza bila kufa, hutaga yai juu yao, kisha huziba mlango, ili buu lake likitoka lipate chakula. Ni malezi ya ajabu. Ila mafuta yanapopungua tangini ni lazima hewa iingie mahali pake, na kijibomba kikizibwa, injini hufa kwa kiu huku mafuta yapo.

Hayakuishia hapo. Chini ya dizeli palikuwa na maji yaliyotokana na unyevu wa miaka ile, na pale maji yanapokutana na mafuta, vijidudu visivyoonekana kwa macho huzaliana mpaka vikawa utelezi mweusi unaoziba chujio. Ikabidi tuagize machujio mapya kutoka mjini. Tulipoinua mbao za sakafu, kenge mkubwa alitoka, akatutazama, akajitosa mtoni. Na ndani ya kamba iliyozungushwa chini ya kiti, tulikuta kiota chenye makinda manne ya yule ndege mdogo mweusi na mweupe atikisaye mkia kila anapotua.

Fundi akaniambia: «Mwalimu, nyigu tumemtoa, kwa sababu akikaa hatufiki. Kenge amejiamulia mwenyewe. Hawa wadogo hawazuii kitu; wanaomba siku chache tu.»

Ndege wa aina hiyo hukaa kiotani takriban wiki mbili tangu kuanguliwa. Machujio yalifika siku ya sita, injini ikawa tayari, lakini makinda hayakuwa bado na uwezo wa kuruka. Kijana mmoja akasema wazi: «Mwalimu, watu wanatungoja kule. Ndege ni ndege.» Hakusema upuuzi. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyetoka mbali kwa ajili ya mafundisho, si jambo dogo. Tukazungumza jioni nzima, tukaamua: nusu yetu wakaondoka alfajiri kwa mtumbwi wa kasia, wakafika jioni wamechoka, nusu tukabaki kulinda boti. Siku ya nne baadaye kiota kilikuwa kitupu, nasi tukasafiri. Yule kijana alipiga kasia kutwa nzima, na hadi leo anaona tulilipa gharama kubwa mno. Namheshimu kwa kulisema, kwa maana gharama ilikuwa ya kweli, na sehemu kubwa aliibeba yeye.

Iko meli mashuhuri inayotufundisha upande mwingine wa jambo hili. Graf von Goetzen ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha katika Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tazameni mambo mawili: aliyeisimamisha alifikiria siku ya kuiwasha, na walioiinua walitumia miaka mitatu kabla ya kuipakia abiria.

Vijana wapenzi, katika parokia zetu vimo vyombo vingi vilivyolala: kwaya iliyonyamaza, ngoma zilizofungiwa stoo, maktaba isiyofunguliwa, shamba la kikundi lililoachwa. Mara nyingi tunakuja kuviamsha kwa haraka na kelele, tukidhani hakuna anayekaa humo. Kumbe katika maktaba ile yumo mtoto anayejisomea peke yake dirishani. Katika shamba lile yumo mjane anayelima mboga. Na pengine yumo mtu aliyeziba njia ya hewa bila kujua.

Basi mtakapotaka kufufua kazi iliyolala, nendeni siku ya kwanza na daftari tu, bila jembe wala ufunguo wa injini. Andikeni mnaowakuta. Kisha kwa kila mmoja jiulizeni pamoja: huyu anazuia safari, au anahitaji siku chache? Na siku hizo, nani kati yetu atapiga kasia?