Kizibao cha Bomba, Nusura Kinizamishe!

Wiki hii nakupa mkasa ulionikuta mwenyewe, tena bila kuongeza chumvi. Najua utacheka. Cheka tu, ila ukimaliza kucheka usome hadi mwisho, maana siku moja na wewe utapanda chombo cha majini.

Ilikuwa hivi. Siku ya mnada pale Tarime nilimkuta jamaa anafungua balo la mitumba. Mimi na mitumba, we acha tu! Nikajitosa katikati ya watu, mkono ukaibuka na kizibao cha rangi ya machungwa. Bwana wee, kilikuwa bomba! Kifupi, hakina mikono, kina vibanio vya plastiki mbele, mikanda ya kukazia mbavuni na mfuko wenye zipu kifuani. Kasoro yake moja tu: kilikuwa kinene kama godoro. Muuzaji akaniambia hicho ni kizibao cha baridi, Wazungu wanavaa kwenye theluji. Shilingi 8,000, nikalipa bila kubishana sana.

Nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Lahaula, nilikuwa kama kobe! Nikakimbilia kwa fundi cherehani. Akafumua, akatoa vipande vyote vya sponji, akashona upya. Kikanikaa utadhani nilipimwa. Vile vipande nikampa mama, akavitia kwenye mto wa kukalia. Kuanzia siku hiyo nikawa natesa mjini. Washikaji wa kijiweni wakanibatiza jina la Rubani.

Sasa njoo Aprili ya mwaka jana, masika imepamba moto. Mjomba wangu anaishi ng'ambo ya mto, upande wa wilaya ya Serengeti. Habari zikaja kwamba anaumwa, mama akanituma nikamjulie hali. Mto wenyewe ni Mto Mara, unaotoka kwenye misitu ya Mau huko Kenya, ukapita Masai Mara na hifadhi ya Serengeti, kisha ukateremka kwetu kuelekea Ziwa Victoria. Ule unaouona kwenye filamu, nyumbu wanajitupa majini na mamba wanawasubiri? Basi ndio huohuo.

Njia ya darajani ingenizungusha, na nauli ilikuwa ya mawazo. Nikaona bora mtumbwi. Tulikuwa abiria sita. Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye madumu matatu matupu, anatoka kuuza maziwa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, yanabeba magogo. Mwenye mtumbwi akasema, "Kaeni chini, mtu asitikisike."

Na mimi, kijana wa mjini, nilikuwa nimevaa suruali nyeupe. Maji yalipoanza kujaa miguuni nikainuka kidogo, isije ikachafuka. Kidogo tu! Mtumbwi ukalala ubavu, sote tukamwagika.

Kuogelea sijui. Kile kizibao kikajaa maji pale ilipokuwa sponji, kikawa kama nimevaa gunia la mchanga. Nikajaribu kukivua, vidole vikashindwa na vibanio. Nikazama mara ya kwanza, nikaibuka. Nikazama mara ya pili. Hapo nikasikia sauti ya yule mama, "Mura, shika dumu!" Nikakumbatia dumu lake kama mtoto anavyomkumbatia mamake. Ukingo haukuwa mbali, mwenye mtumbwi akatusukuma mmoja mmoja hadi kwenye matete. Tulitoka wote, Mungu mkubwa. Dumu moja lilikwenda na maji.

Mjomba nilimkuta ana nafuu. Mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umenyeshewa au umefuliwa?"

Pale nyumbani alikuwepo binamu yangu mkubwa, ambaye amewahi kufanya kazi Jinja, Uganda. Kule Mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kuteremka kwa maporomoko ya ajabu, na watu wanalipa pesa zao kushuka humo! Wengine kwa maboti ya mpira, wengine kwa kayaki, yaani kimtumbwi kifupi cha plastiki cha mtu mmoja, unapiga kasia kulia na kushoto. Bwawa la Bujagali lilipojengwa, maji yakayafunika maporomoko ya sehemu ile, mchezo ukasogea chini zaidi.

Binamu akakichukua kizibao, akakigeuza ndani, akasoma kitambulisho: 50 N, na uzito wa mvaaji. Akacheka. Kisha akakibonyeza kifuani, akaacha kucheka.

"Mdogo wangu, hili ni jaketi okozi la watu wa kayaki. Umelitoa roho, halafu ukapanda nalo mtumbwini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku ule alinipa darasa, na mimi nakugawia bure.

Kwanza, soma namba. N ni niutoni, ndiyo nguvu ya kuelea. Niutoni 50 ni kama kuinuliwa kilo tano. Unaona ndogo? Mwili ukiwa majini unakuwa mwepesi, kwa hiyo hizo tano zinamtosha mtu mwenye akili zake na anayejua kuogelea. Ndiyo maana la kayaki linakatwa kwapani, mtu apate kupiga kasia. Lakini ukizimia, hilo halikugeuzi uso juu. Asiyejua kuogelea kama mimi atafute la 100 kwenda juu, na la 150 kama anakwenda kwenye mawimbi makubwa.

Pili, libonyeze. Sponji yake si ya godoro. Ya godoro inakunywa maji, hii hainywi. Ukiibonyeza inatakiwa irudi. Ikiwa imekuwa ngumu, inamung'unyika au imebaki bapa, achana nalo hata kama linang'aa. Na fundi asikudanganye atakuwekea ya godoro, hapo umenunua jiwe.

Tatu, livae, funga vibanio vyote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, si saizi yako. Lijaribu kwenye maji ya kiunoni kabla halijakuwa na kazi.

Nne, kuna yale membamba ya kujazwa hewa, yana kichupa cha gesi ndani. Kichupa kikishatumika kimekwisha, lazima uweke kipya. Kwenye mitumba nani anakuhakikishia?

Tano, utunzaji. Lisuuze kwa maji safi, lianike kivulini, maana jua kali linakula kitambaa na nyuzi. Usilikalie, usilirundikie mizigo. Na kofia ya kayaki ni ngumu lakini ina matundu ya kutolea maji. Ya bodaboda usiende nayo mtoni, itajaa maji na kukuvuta shingo.

Haya mambo kwetu sisi wa kando ya ziwa si mchezo wa Wazungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa MV Nyerere kule Ukara, watu 228. Hapa Mara hakuna nyumba isiyojua mtu aliyechukuliwa na maji. Halafu mimi jaketi lenyewe lilinifuata hadi mnadani, nikaenda kulipunguza lisinifanye kobe!

Niliporudi Tarime nilikwenda moja kwa moja kwenye mto wa mama. Vile vipande vilikuwa bapa kama chapati, vimekaliwa mwaka mzima. Havikurudi tena. Kizibao nikakikata vipande mwenyewe, mwingine asije akakiokota na kukiamini.

Nikadunduliza, nikapata jaketi okozi zima la 100. Ni nene, ni baya, na kwenye kioo bado nafanana na kobe. Sijali. Kobe tulikuwa tunamcheka, kumbe nyumba yake anatembea nayo.

Mwezi uliofuata nikapanda tena ule mtumbwi, safari hii nimekaa chini kama mtoto wa shule. Nikamtafuta yule mama, nikampelekea dumu jipya la lita 20 na kilo mbili za sukari. Nikampigia shikamoo, nikaanza kutoa shukrani zangu ndefu. Akapokea dumu, akakagua kizibo kama kinakaza, akaniangalia lile jaketi juu hadi chini.

"Hilo sasa ndilo," akasema. "Lakini yangu yalikuwa na mfuniko mwekundu."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ukipanda mtumbwi, kaa chini!