Uti wa Ubao

Nikisema kwamba binamu yangu anateleza mawimbini kwa ubao, wenzangu darasani hucheka, kwa sababu Uganda haina bahari. Lakini Naili Nyeupe, ukishuka nayo kutoka Jinja, ina maporomoko, na mahali pengine maji hujikunja yakawa wimbi lisilohama. Wimbi lililokuwa maarufu zaidi liliitwa Nile Special. Wimbi la baharini husafiri hadi ufukweni. La mtoni husimama palepale, na maji ndiyo yanayopita chini ya ubao kwa kasi.

Ubao wa dukani hatuwezi kuununua. Binamu aliokota stairofomu za kufungia majokofu, akaziunganisha, kisha akaagiza kopo moja la epoksi kutoka Kampala, maana rezini ya kawaida ya poliesta huyeyusha stairofomu. Kopo hilo lilimla mshahara wa miezi miwili. Hapakuwa na fedha za kujaribu mara ya pili, na lilibaki swali moja: katikati uwekwe mti gani?

Stairofomu peke yake huvunjika upesi. Kwa hiyo mtengenezaji huipasua katikati kwa urefu, akagundisha hapo ukanda wa mbao wenye unene wa milimita chache, ndipo akaifunika kwa fibaglasi na rezini. Ukanda huo huzuia ubao usipinde mno na hulinda mkunjo wake. Nilitafuta jina lake katika Kiswahili changu nikalikosa. Mkuku wa chombo huwa chini, unagusa maji; huu umefichwa ndani kama mfupa. Nikauita uti, na nyumbani jina limeshika.

Jjajja, yaani babu yetu, alijenga mitumbwi ya uvuvi kwa miaka mingi. “Chombo cha majini ni mvule,” alisema, akatoa kipande alichokihifadhi tangu mtumbwi wake wa mwisho. Kwetu Busoga, kukataa mvule aliokupa mzee si jambo dogo. Binamu akanigeukia: “Wewe ndiye msomi. Mwambie wewe.”

Wengi wangeukataa mvule kwa uzito wake. Mimi nilipiga hesabu kwanza. Kwa uti wenye urefu wa sentimita 180, upana wa 5 na unene wa milimita 5, mvule unauzidi msonobari kwa gramu 100 hivi. Maji ya mto hayaelezi kitu kama maji ya chumvi, kweli, lakini gramu 100 ni kipande cha sabuni tu. Kwa hoja hiyo nisingethubutu kumkabili mzee.

Hoja yenye nguvu ni randa. Ubao huchongwa uti ukiwa tayari ndani, hivyo randa hupita juu ya mbao na stairofomu kwa mkupuo mmoja. Mvule ni mgumu, nyuzi zake hupishana, na wakati mwingine huwa na vijiwe vinavyofanya makali ya randa kuwa butu. Fundi akiukandamiza ili randa ikate, stairofomu ya pembeni inaliwa zaidi. Unabaki mgongo uliosimama kati ya mifereji miwili, na kila mfereji hunywa rezini. Nasi tulikuwa na kopo moja.

Sikumwambia Jjajja hayo yote. Nilimgundishia kijiti cha mvule katikati ya mabaki ya stairofomu, nikamwomba apige randa mwenyewe. Alipiga mara nne, akapitisha kidole, akanyamaza kidogo. “Mti huu umezoea kukaa na miti wenzake,” akasema.

Siku iliyofuata yeye ndiye aliyetuchagulia msonobari, ule ambao wauza mbao wanauita paini. Alikataa mbao zenye vifundo, kwani uti mwembamba hukatikia hapo. Zilizobaki alizichungulia ubavuni kuona kama nyuzi zinakwenda sambamba na ukingo hadi mwisho, kisha akapasua kipande kwa panga: ufa hufuata nyuzi, haudanganyi. Ukavu ndio uliotuchelewesha. Mbao zetu nyingi huuzwa mbichi, na unyevu ukifungiwa chini ya rezini, rezini haishiki vizuri. Tulipasua ukanda, tukauweka darini, tukaupima kila Jumapili kwa mizani ya muuza nyanya. Ulipoacha kupungua uzito, tukaanza kazi.

Ule mvule Jjajja hakuurudisha stoo. Aliuchonga pezi la nyuma, mahali ambapo ugumu unahitajika na randa haigusi stairofomu. Limekwishagonga mwamba mara mbili, na halina ufa. Wageni wakija, mzee huwaonyesha pezi kwanza, kisha huwaambia kwamba ubao wote ni wa mvule. Binamu hamsahihishi.