Jina la Ukoo Hulindwa na Nani?



Wapendwa katika Kristo, wiki hii nawaalika tulitafakari jambo linalotugusa sote: ni nini hulifanya jina la ukoo lidumu?

Twende Genoa, mji wa bandari kaskazini mwa Italia. Katika Zama za Kati mji huo ulikuwa jamhuri ya wafanyabiashara wa baharini, iliyoshindana na Venezia kwa merikebu na masoko. Humo koo chache za kikabaila ziligombea madaraka, na mmojawapo ulikuwa ukoo wa Fieschi.

Ukoo huo ulitoa mapapa wawili. Sinibaldo Fieschi alichaguliwa mwaka 1243, akaitwa Innocent IV; ndiye aliyetangaza kumvua madaraka Kaisari Frederick II katika Mtaguso wa Kwanza wa Lyon, mwaka 1245. Ottobuono, mtoto wa nduguye, alichaguliwa Julai 1276, akaitwa Adrian V. Alifariki Agosti mwaka huohuo, kabla hata ya kupewa daraja ya upadre.

Mwaka 1447 akazaliwa Caterina Fieschi. Akiwa na miaka 16 aliozwa kwa Giuliano Adorno, wa ukoo hasimu, ili koo hizo zipatane. Ndoa hiyo ilimletea miaka kumi ya uchungu. Mwaka 1473, akiwa amepiga magoti mbele ya muungamishi, aliguswa na upendo wa Mungu, maisha yake yakabadilika. Mumewe naye, baada ya kupoteza mali, aliongoka. Wote wawili wakawahudumia wagonjwa maskini katika hospitali ya Pammatone. Mwaka 1490 Caterina alikabidhiwa uongozi wa hospitali hiyo, na tauni ilipoukumba mji mwaka 1493, hakuacha kuwauguza wagonjwa. Alifariki mwaka 1510. Papa Clement XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1737. Ndiye Mtakatifu Katarina wa Genoa.

Januari 1547, kijana wa ukoo huohuo, Gian Luigi Fieschi, aliongoza njama ya kumwangusha Andrea Doria, mkuu wa mji. Usiku, alipokuwa akivuka ubao bandarini ili aingie katika merikebu, alitumbukia majini, na deraya nzito aliyoivaa ikamzamisha. Njama ikasambaratika, jumba la ukoo likabomolewa.

Wapendwa, deraya ilimzamisha aliyetaka kuukweza ukoo wake. Aliyejishusha kwenye vitanda vya wagonjwa ndiye anayetajwa altareni hadi leo.

Basi tujiulize. Katika familia zetu yuko binti, au mkwe, anayemwogesha bibi mgonjwa na kukesha naye. Siku ya kugawa mirathi wanakaa wenye sauti, naye yuko jikoni. Mwiteni aketi nanyi. Huenda jina la ukoo wenu limo mikononi mwake.