Gari la Babu Halikuwa la Asili

Kariakoo unaweza kununua gari zima na kulipeleka nyumbani kwa mkokoteni, mradi huna haraka na unakubali kulinunua kipande kipande. Bampa duka hili, taa duka la pili, bomba la rejeta kwa kijana aliyetandika turubai pembeni mwa barabara. Sharti ni moja tu: gari liwe Toyota. Ukitaja Peugeot 404, muuzaji anakuangalia kama mtu aliyekuja kuulizia mafuta ya taa ya koroboi, halafu anaita kule ndani, "Mzee, hebu njoo umsikilize huyu."

Sisi tulikuwa nalo hilo 404, la mwaka 1967. Babu alilinunua mkononi mwaka 1971, akiwa karani bandarini, na likaishi miaka yote hiyo chini ya kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja. Mtaani hakuna aliyesumbuka na matamshi ya Kifaransa. Lilikuwa Pijo, basi.

Wamarekani wana Mustang zao, magari yenye injini kubwa ya kutisha jirani. Pijo letu lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1618, imelazwa ubavu, na gia yake iko kwenye usukani. Lakini ukitaka kujua kwa nini wazee wa mji huu wakiliona wanasimama, tazama mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na kwetu kila Pasaka. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, tope lilikuwa baya kiasi kwamba yalifika magari 7 tu. Na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msomaji wake wa njia, Chris Rothwell. Gari la bingwa lilikuwa la kwetu. Babu hakuwahi kushindana na mtu yeyote, isipokuwa kuwahi foleni ya petroli, ila mpaka anafariki alikuwa akisema ana gari la Shankland.

Lingeendelea kulala pale kama nyumba isingeondoka. Ndugu walikubaliana na mwekezaji: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ibomolewe, lipande ghorofa, kila tawi la ukoo lipate sehemu yake. Tulipewa miezi mitatu kutoa vyetu. Kibaraza huwezi kukihamisha, wala ukuta ambao watoto wa vizazi vitatu walipimwa urefu kwa mkaa. Kilichoweza kuondoka kikiwa kizima ni gari. Ndiyo maana ubishi juu ya gari ukawa mkubwa kuliko gari lenyewe.

Baba Mkubwa alitaka lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, skrubu kwa skrubu, au liuzwe kwa anayeweza kufanya hivyo. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaendesha teksi ya mtandaoni, na yeye alikuja na hesabu. Toa injini, weka ya Toyota, gia otomatiki, kiyoyozi, mtungi wa gesi kwenye buti, maana Dar ya leo anayeendesha kwa petroli tupu anajitakia. "Mnataka gari au mnataka sanamu?" aliuliza. Baba Mkubwa akamjibu, "Ukitoa injini, mwanangu, umebakiza picha ya babu yako."

Mimi nilipewa kazi ya kuandika orodha ya vinavyohitajika, kwa hoja kwamba si ndiye mwandishi wa habari. Nikaanza na kilichokuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi: daftari la kurasa nyingi, jalada limeliwa na mende.

Babu alichora safu nne: tarehe, kilomita, lita, aliyepakiwa. Hiyo ya nne ndiyo ilinishika usiku mzima. "Muhimbili, usiku, mke wa jirani." "Msiba Kisarawe, watu 7." "Bagamoyo, bibi harusi na makapu." Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchana wa Jumapili unapotea kabisa kwenye daftari. Ni kipindi kile serikali ilipozuia magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana ili kubana mafuta. Kurasa za nyuma ni za matengenezo. Kabureta imekufa, imefungwa ya Datsun. Dinamo imetoka, imeingia oltaneta, haisemwi ya gari gani. Bushi zimekerezwa Gerezani. Kiti cha mbele kimevalishwa kitambaa cha basi. Halafu mstari mmoja niliousoma mara mbili: "Rangi: iliyopatikana."

Fundi alipokwangua mlango, chini ya ile rangi ya maziwa tuliyoijua sote kulikuwa na buluu.

Niliwasomea ndugu kikao kilipokaa kibarazani. Binamu alicheka. Baba Mkubwa aliomba daftari, akavaa miwani, akasoma mwenyewe taratibu huku kahawa ikipoa. Kisha akasema, "Kabureta alibadilisha kwa sababu hakuwa na jinsi. Spea hazikuwepo, fedha za kigeni hazikuwepo. Nyinyi mna jinsi."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sikuwa na jibu pale pale. Jibu lilinijia baadaye nilipolinganisha kurasa za mbele na za nyuma. Kila alipobadilisha kifaa, siku moja au mbili mbele kuna safari na jina la mtu. Kabureta ya Datsun ilifungwa Ijumaa. Jumamosi ni ule msiba wa Kisarawe. Dhiki ilimchagulia kifaa gani afunge, lakini haikumlazimisha kulitengeneza gari. Angeweza kuliacha juu ya mawe kama wengi walivyofanya miaka ile, akasubiri kifaa cha asili. Alilitengeneza kwa sababu watu walikuwa wanasubiri kupakiwa.

Hicho ndicho kipimo tulichokubaliana, kwa shingo upande: kinachosaidia kubeba watu kiingie, cha kutazamwa tu kisubiri. Mbele tuliweka breki za diski badala ya dramu. Waya zote zikang'olewa, kwa sababu nusu yake zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mikanda ikafungwa, hata nyuma. Fundi akapima injini, akakuta bloku iko salama. Pistoni na ringi tuliagiza ng'ambo, tukasubiri wiki saba. Gasketi nyingine zilikatwa palepale gereji, kwa mkasi na nyundo. Mtungi wa gesi umeahirishwa, kwa sababu ungekula buti, na buti ndimo linamokaa sufuria la msiba. Binamu hajatusamehe kwa hilo.

Ilipofika zamu ya rangi, niliuliza kama turudishe buluu ya kiwandani. Baba Mkubwa, yule yule wa skrubu kwa skrubu, akaja juu: "Buluu? Nani analijua hilo gari la buluu?" Likapigwa rangi ya maziwa.

Nyumba sasa ni shimo lenye nondo, limezungushiwa mabati. Pijo linalala Tabata kwa shangazi, na kila mwezi linampeleka kliniki. Binamu ndiye anajaza daftari, kwa kalamu, safu nne. Baba Mkubwa bado anasema hoja yake haijajibiwa yote, na huenda ni kweli. Akilitaja huliita "lile jingine". Lakini mwezi uliopita alipiga simu akitaka kupelekwa Kisarawe kwenye arobaini. Hakuuliza gari gani litakuja. Aliuliza saa ngapi, na kama kiti cha mbele kina mtu.