Kaka anataka nichome kanda zangu

Jumapili moja baada ya ibada, kaka yangu mkubwa alipitia kwangu kunywa chai. Aliketi, akaitazama rafu iliyo karibu na dirisha, kisha akaniuliza bila kupepesa jicho: "Na hizi takataka za shetani utazichoma lini?"

Takataka zenyewe ni kanda za muziki wa roki, mia moja na ushei, pamoja na kanda za video za filamu kuukuu za muziki huo huo. Sikumjibu. Kaka amenizidi miaka minane, na isitoshe ni mzee wa kanisa. Lakini, msomaji mpenzi, si heshima pekee iliyonifunga kinywa. Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni yeye mwenyewe!

Ilikuwa mwaka wa 1979. Baba alikuwa na gramafoni ya kuchezea santuri zake za Daudi Kabaka na Fadhili William, nasi tulikatazwa hata kuipangusa vumbi. Siku moja baba aliposafiri, kaka aliazima kwa fundi wa redio santuri ya kundi la Waingereza liitwalo The Who, na redio kaseti juu yake. Sharti lilikuwa kwamba vyote virudi kabla ya jua kuchomoza.

Santuri hiyo ilikuwa Live at Leeds, iliyorekodiwa Februari 14, 1970 mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leeds. Jalada lake halikuwa na picha. Lilipigwa muhuri tu mithili ya kifurushi cha posta. Ilipoanza kulia tulisikia mikwaruzo. Kaka akaiinua sindano, akaipuliza, akaifuta santuri kwa shati lake la shule, akaanza upya. Mikwaruzo ikabaki pale pale. Mara ya tatu ndipo aliposoma kibandiko cha katikati, ambapo mtu ameandika kwa mkono kwamba kelele hizo ni sawa na zisirekebishwe. Tulicheka hadi machozi yakatutoka.

Nyaya za kuunganisha mitambo hiyo miwili hatukuwa nazo. Kaka aliiweka redio kaseti mbele ya spika, akanionya nisikohoe kwa karibu dakika arobaini. Hivyo ndivyo kanda yangu ya kwanza ilivyozaliwa.

Watu huniuliza kwa nini napenda muziki wa jukwaani ilhali ule wa studio ni safi zaidi. Studioni mwimbaji akikosea hurudia, na mpiga gita anaweza kuja kesho kutia sehemu yake peke yake. Jukwaani neno likitoka limetoka. Pete Townshend wa The Who alieleza kwamba maonyesho yao mengi ya Marekani yalikuwa yamerekodiwa, lakini kanda zilikuwa tele kiasi cha kumshinda kuzisikiliza, akaamuru zichomwe moto. (Naye alikuwa na kaka wa aina hiyo?) Ndipo wakaamua kurekodi Leeds, na usiku uliofuata mji wa Hull. Kule Hull, gita la besi la John Entwistle halikunaswa katika nyimbo za mwanzo. Basi tukaachiwa Leeds. Mtambo ungefanya kazi vyema, huenda ningekuwa nikipenda usiku mwingine kabisa.

Nina Made in Japan ya Deep Purple pia, iliyorekodiwa kwa siku tatu mwezi wa Agosti 1972 huko Osaka na Tokyo. Hiyo huisikiliza mke wangu akiwa sokoni.

Filamu zilikuja baadaye, kwa kanda za video za kukodi. Woodstock niliiona mara ya kwanza mwaka wa 1986, na ya duka lile ilikuwa imerekodiwa juu yake harusi ya watu nisiowajua, kwa dakika kumi hivi, keki na yote. Hata hivyo nilimwona Richie Havens. Tamasha hilo lilifunguliwa Agosti 15, 1969, na kwa kuwa barabara zilikuwa zimejaa magari, wanamuziki wengine hawakuwa wamefika. Havens akasukumwa jukwaani wa kwanza, akaimba nyimbo zake hadi zikamwishia, akaanza kutunga papo hapo huku jasho likimlowesha mgongoni. Jimi Hendrix, aliyepangiwa kufunga, alipanda Jumatatu asubuhi wakati umati mkubwa ulikuwa umekwisha kwenda zake. Ukiitazama filamu hiyo unaona matope, takataka na watu wachache wenye usingizi, naye anapiga kana kwamba dunia nzima iko pale.

Iliyonivunja moyo ni The Last Waltz, ya Martin Scorsese. Kundi la The Band lilikuwa likiaga maonyesho huko San Francisco, Novemba 25, 1976, na filamu ikatoka mwaka wa 1978. Niliipenda mno. Kisha nikaja kusoma kwamba sehemu nyingi za sauti na ala zilirekodiwa upya studioni baada ya onyesho. Nilihisi kama mtu aliyesifu pilau ya shemeji yake kumbe imenunuliwa hotelini. Kwa majuma kadhaa sikuigusa.

Nilichorudia ni nyuso. Yasimuliwa kwamba Muddy Waters alipopanda kuimba, kamera zilikuwa zikibadilishwa filamu, isipokuwa ile ya László Kovács, ambaye alikuwa amechoshwa na maagizo akavua vyombo vya masikioni. Hakusikia amri ya kusimama. Ndiyo sababu mzee yule tunamwona kwa jicho moja tu, kamera haimwachi, naye anazidi kupanda mori. Uso ule hauwezi kurudiwa studioni.

Sitamficha msomaji kwamba kaka ana hoja moja ambayo haijui. Iko filamu iitwayo Gimme Shelter, ya mwaka wa 1970, juu ya Rolling Stones. Walinzi waliowekwa karibu na jukwaa kule Altamont, Desemba 6, 1969, walikuwa genge la waendesha pikipiki la Hells Angels, na kijana Meredith Hunter akachomwa kisu akafa kamera zikiona. Nimeitazama mara mbili, sina hamu ya mara ya tatu. Sikumtajia kaka.

Badala yake niliinuka nikaitoa kanda ile ya 1979. Iliwahi kutafunwa na mtambo, nikaikata na kuiunga kwa gundi ya karatasi, na huizungusha kwa kalamu ya Bic. Nikaitia, nikarudi kwa chai yangu.

Kwanza ilisikika sauti ya kijana: "Nyamaza wewe, inaanza!" Kaka akaacha kutafuna mkate. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, watu wa Leeds walipiga makofi, na kijana yule naye akapiga makofi pamoja nao na kupiga mluzi. Mbwa wa jirani akabweka. Kaka alikuwa akiangalia kikombe chake.

Ndipo, katikati ya ngoma za Keith Moon, mlango ukasikika ukifunguliwa, na sauti ya mama, aliyefariki mwaka wa 1994: "Nyinyi hamlali? Na hiyo taa ya nani?"

Kaka akanyosha mkono. "Hebu rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha. Tukamsikiliza mama akitukemea mara tatu, na mara ya nne kaka akabonyeza mwenyewe.

Jioni aliondoka na kanda hiyo mfukoni mwa koti, akisema fundi mmoja wa kanisani anaweza kuisafisha. Nilimsihi asiguswe mtu mikwaruzo. Huu sasa ni mwezi wa tatu, na kila nikimwuliza ananiambia bado anaisikiliza.