Bi Harusi, Nani Akuonjee?

Bi harusi mmoja ametuuliza: pilau yake aionjeshe fundi wa mapishi au mashoga zake? Wote, mwali wetu, ila usiwaulize swali moja.

Wenye kazi ya kupima vyakula wanalijua hilo. Waonjaji waliofunzwa huwa wachache, watu 8 hadi 12 hivi. Hufunzwa kwa wiki kadhaa kupima uchachu, ukavu na harufu ya moshi, kila kimoja kwa alama yake, na husukutua kwa maji kabla ya kuonja kingine. Kama chakula ni kitamu, hawaulizwi. Hilo huulizwa walaji wa kawaida wasiofunzwa, nao hutakiwa wawe wengi, hamsini, mia au zaidi. Ulimi uliofunzwa husikia tusivyovisikia sisi, kwa hiyo hauwezi kutusemea.

Tuliyaona haya Kitangari, kule Newala kwenye uwanda wa Wamakonde, tulipofuatana na msafara wa harusi. Mihogo ilitoka shambani asubuhi. Bibi mwenye nyumba alikata ncha ya kila muhogo, akatafuna kidogo, akatema. Huu wa kuchemsha, huu wa makopa. Hakumuuliza mtu.

Wala si mchezo. Muhogo mchungu hutoa sianidi. Usipoandaliwa vizuri unaweza kuua, na ukiliwa hivyo mfululizo huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba uchungu wanaouonja wakulima huendana na sumu inayopimwa maabara. Ulimi wa bibi yule, basi, ni kipimo hasa, ingawa hata yeye michungu huimenya na kuikausha kwanza.

Ile mitamu akaichemsha aina mbili, akatuita wageni: upi uliwe asubuhi ya harusi? Tukachagua ule laini. Yeye aliuona una maji. Akacheka, akaupika huohuo. "Walaji ni nyinyi, wanangu."

Mtume ﷺ hakupata kukitia ila chakula. Akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Ndiyo adabu ya mlaji. Mpishi naye ana ruhusa yake: hata akiwa amefunga, maulamaa wengi wamemruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi palipo na haja, mradi asimeze.

Kwa hiyo mwali, fundi mpe kijiko, umuulize iliki imezidi? Wali umeiva mpaka ndani? Mashoga wape sahani mbili bila kuwaambia ipi yako, kisha utazame ipi inaisha kwanza. Na mama mkwe? Huyo atajibu maswali yote mawili bila kuulizwa, mwekee kiti karibu na jiko.